Mtani Aliyempasua Mama

Mama alirudi kutoka Mwanza na kovu refu tumboni, miguu imekonda, na swali moja ambalo lilimtesa kuliko kovu lenyewe.

"Hivi nilimwambia?" ananiuliza tukiwa tumekaa barazani kwake Ipole, tunapukuchua mahindi. "Au niliwaza tu kichwani nikadhani nimesema?"

Namjibu kwamba alisema. Ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo. Basi tunaendelea kupukuchua.

Afadhali nianze mwanzo, maana watu wakiisikia habari hii hurukia mwisho na kuanza kugawa lawama, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuzigawa.

Maumivu ya mama yalikuwa ya siku nyingi. Yalimshika chini ya mbavu za kulia kila akila chakula chenye mafuta, yakapanda mpaka begani, kisha yakaondoka. Yeye aliyaita "mgeni wangu". Akikunja uso mezani, tulijua mgeni kabisha hodi. Alimkanda kwa maji ya moto, akamlaza kitandani, akamfukuza kwa chai ya tangawizi, na ukimwambia habari za hospitali alikuuliza kama wewe ndiye unayeumwa. Mama ni mwanakwaya wa Moravian tangu usichana wake. Kilichomtoa Ipole ni Pasaka ile aliposhindwa kumaliza wimbo, akakaa chini katikati ya kanisa huku wenzake wanaendelea. Jumatatu yake alikuwa kwangu Tabora mjini na mfuko wa nguo, amenuna, kana kwamba ni mimi niliyemkatisha wimbo.

Picha ya tumbo ilionyesha mawe kwenye kibofu cha nyongo. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Hicho kibofu nimekichora ubaoni mpaka naweza kukichora nimefumba macho: ini juu, kibofu kama embe dogo chini yake, mrija mdogo unatoka kwenye kibofu na kuungana na mrija mkuu unaoshuka kutoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Nilimweleza mama kwa njia ambayo angeielewa. Kwetu mtoto wa kike hafundishwi kumpasua kuku kabla ya kufundishwa kuitoa nyongo bila kuipasua, maana ikipasuka kitoweo chote kimeharibika, na siku hiyo utajua mama yako ana mkono mzito kiasi gani.

"Kwa hiyo wanataka kunitoa nyongo kama kuku," mama alisema.

"Kama kuku."

"Sawa. Ila huyo mpasuaji kwanza aniambie kama amewahi kupika."

Daktari tuliyempata alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono misafi sana. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, akauliza anatoka wapi. Ipole. Mnyamwezi? Mnyamwezi. Akaweka kalamu chini, akaegemea kiti.

"Mimi Mgogo," alisema.

Mama, aliyekuwa ameinama kwa maumivu, akanyooka.

Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na utani wao ni wa njiani. Wazee wetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo, kwenye nchi kavu ambako mwenye kisima ndiye mfalme. Ukitaka maji, utoe hongo kwanza. Waligombana, wakapigana, wakaoana, wakazikana, na mwisho wakabaki na haki ya kutukanana bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kukuita jina lolote mbele ya wakwe zako. Anaweza kuja kwenye msiba wako akamwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakusimulia. Babu yake mama alikuwa mpagazi kwenye misafara hiyo, na mama huisimulia kiu ya babu yake kama vile yeye ndiye aliyekuwa na mzigo kichwani.

"Nyie ndio mliomwuzia babu yangu maji," alimwambia daktari.

"Na hakumaliza kulipa," daktari akajibu. "Nimekusubiri hapa siku nyingi."

Shikamoo ikafia hapo hapo. Tangu siku ile ilikuwa "mpagazi wangu umeamkaje" na "mtoza hongo umekuja na kisu au na ndoo". Manesi walikuwa wakitafuta kisingizio cha kuwepo wodini daktari anapopita. Nami nilifurahi, sitaficha. Mama aliogopa kisu kuliko kitu chochote duniani, na ni utani ule uliompandisha kwenye kitanda cha magurudumu. Wakati anasukumwa kwenda chumba cha upasuaji alimtaka daktari asitoze hongo akiwa ndani. Daktari akamwambia akikuta pembe za ndovu anachukua, hilo asimfiche. Mlango ukafungwa wote wawili wanacheka.

Alitoka salama, tukaambiwa. Siku zilizofuata alilalamika, lakini sikilizeni alivyolalamika.

"Mgogo, umeniachia kaa la moto humu ndani."

"Wazee wenu walibeba mizigo mpaka pwani, leo kamshono kamoja kanawashinda?"

Wodi nzima ikacheka. Mama naye akacheka, amelishika tumbo kwa mikono miwili, na machozi yaliyomtoka kila mtu aliyahesabu kuwa ya kicheko. Nimelifikiria tukio hilo sana, nikiwa darasani, nikiwa jikoni. Mama alikuwa na lugha nyingi za kuumwa. Kwa mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, aliguna kwa Kinyamwezi. Kwangu alisema "kidogo tu", kwa sababu mimi nina hasira za haraka na yeye hapendi kelele. Kwa yule daktari alikuwa na lugha moja tu, na katika lugha hiyo mtu anayesema ameunguzwa anajibiwa kwa mzaha, tena mzaha mkali zaidi, la sivyo anayejibu anaonekana hajui utani.

Aliruhusiwa, akakataa kubaki mjini. Alitaka kitanda chake. Nikampeleka Ipole, nikamwacha mikononi mwa mama mdogo, nikarudi kwenye mitihani ya wanafunzi.

Kule kijijini ngozi ilianza kumwasha. Alijikuna mikono, akajikuna nyayo, akawa anajisugua mgongo kwenye nguzo ya baraza. Ulikuwa wakati wa kukausha tumbaku, na nyumba yao iko karibu na bani, lile banda la kukaushia. Mama mdogo akaamua kuwa ni utomvu wa majani mabichi, maana huwasha kweli, na kila mwaka kuna mtu anajikuna. Akamwogesha kwa maji ya mwarobaini. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyolala jikoni, wakasema hanywi maji. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Kila dalili ilikuwa na maelezo yake ya kawaida, na maelezo ya kawaida ndiyo mtu anayoyakimbilia.

Ndipo mama, kama anavyokumbuka yeye, akachukua simu yake ya kitochi, akatoka nje, akampigia daktari. Mama mdogo alikuwa shambani. Anakumbuka alimwambia hivi:

"Mgogo, umenipaka binzari mwili mzima. Unataka kunipika?"

Na anakumbuka kicheko upande wa pili, na sauti ikisema, "Subiri nitafute mchele."

Akaambiwa anywe maji mengi, arudi siku ya kliniki. Hayo ndiyo anayoyakumbuka.

Siku chache baadaye mama mdogo alinipigia. "Dada amekuwa wa njano mpaka machoni," alisema. "Anatetemeka, na anaongea na baba." Baba yao alishakufa mimi nikiwa mtoto. Nilikodi gari, nikamfuata, nikamleta Tabora amelala kiti cha nyuma, anajibizana na marehemu kuhusu mzinga wa nyuki ulioibwa.

Daktari aliingia wodini anatabasamu, mdomo umeshafunguka na neno lake liko tayari. Akamwona. Akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akalitazama jicho kwa muda. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Sikuhitaji kipimo chochote baada ya hapo. Mtani wako akikuamkia kwa heshima, jua kuna jambo zito. Mama, pamoja na homa yake, alilielewa. Alimkodolea macho yale ya manjano na marahaba haikumtoka.

Baada ya vipimo daktari aliniita ofisini. Hakuzunguka. Alisema kibofu cha mama kilikuwa kimevimba na kupona na kuvimba tena kwa muda mrefu, mpaka kila kitu hapo ndani kimegandana. Alitafuta mrija mdogo wa kibofu ili aufunge na kuukata. Aliouona akaudhani ndio. Haukuwa ndio. Alikuwa amefunga mrija mkuu, na nyongo yote inayotengenezwa na ini ilikuwa haina pa kupita, ikarudi kwenye damu, ikaanza kuoza nyuma ya fundo.

"Ni mimi niliyefanya," alisema. "Si ugonjwa."

Niliyoyajibu siyaandiki. Mwalimu akiwa na mdomo, ana mdomo kweli, na watu waliokuwa kwenye foleni nje walipata cha kusimulia nyumbani. Aliyapokea yote amesimama. Nilipochoka akaniambia kuwa mirija hii haikai sawa kwa kila mtu. Kwa wengine imejificha, kwa wengine imejikunja, kwa wengine ni mifupi kiasi kwamba haionekani. Nilimchukia zaidi kwa sababu lilikuwa jambo la kweli. Mimi miaka yote nimechora ini la namna moja tu, nikampa alama ya vema mwanafunzi aliyelichora kama langu.

Kulirekebisha kulihitaji mabingwa, na mabingwa walikuwa Mwanza. Daktari alipanda gari la wagonjwa pamoja nasi. Sikumwomba. Alikaa kichwani kwa mama akishika chupa ya dripu isigonge ukuta, mimi miguuni, na tukasafiri hivyo. Tulipofika Nzega dereva akasimama kuweka mafuta. Daktari akashuka, akarudi na maji, akaniwekea chupa moja pembeni yangu. Sikuigusa. Niliiangalia inatikisika pale kwenye kiti kwa mwendo mrefu, nimekaza shingo, koo limekauka na vumbi. Mwisho nikaifungua nikanywa yote. Mama angekuwa na akili zake angesema Mgogo ametoa maji bure, dunia imefika mwisho.

Mwanza walimpitishia mpira mwembamba ubavuni kwanza, nyongo ikatoka nje kwenye mfuko, rangi ya njano ikaanza kufifia. Wakasubiri uvimbe utulie. Kisha wakampasua tena, safari hii kwa saa nyingi, wakavuta kipande cha utumbo wakakishona moja kwa moja penye mdomo wa mrija, pale unapotoka kwenye ini. Niliomba nionyeshwe kwa mchoro, wakanichorea, na sikuweza kuuangalia mpaka mwisho. Mama aliishi. Tuliambiwa atahitaji kuangaliwa maisha yake yote, na kila homa, hata ndogo, iheshimiwe.

Jeraha lingine alilipata wakati anapona. Daktari mmoja kijana, mwenye nia njema kabisa, alikuwa anapitia historia ya ugonjwa wake, akamwuliza kwa upole, "Mama, mbona ulikaa kimya mpaka ukafika hali hii?"

Kukaa kimya. Mama yangu! Nilitaka kucheka, nikageuka kumwangalia, nikakuta hacheki. Alikuwa ameukunja uso anatafuta kitu kichwani. Alijua kwamba wakati wa homa aliongea na baba yake juu ya mzinga, na aliyakumbuka maneno ya baba yake vizuri, sauti na yote, wakati hakuna baba wala mzinga. Je, ile simu kwa daktari haikuwa ya jinsi hiyo hiyo? Tuliangalia kitochi chake. Kilionyesha kwamba alipiga. Hakikuonyesha alisema nini. Labda alimsalimu tu. Labda walitaniana kuhusu maji na misafara, akakata.

Ndugu hawakusaidia. Mjomba alikuja kumwona, akakaa, akagongesha ulimi, akasema, "Dada naye. Angesema mapema." Alisema hivyo kwa huruma, na mama akageukia ukutani. Usidhani aliogopa kulaumiwa. Alichoogopa ni kwamba huenda alikaribia kufa kwa kukosa kusema, yeye aliyeishi kwa kusema. Aliacha kutania. Aliporudi Ipole wanakwaya wenzake walimchokoza, akawajibu "asanteni", wakaondoka wamefadhaika. Kila siku tulirudi kwenye swali lile. Mtu mmoja tu alikuwa na jibu, na huyo alikuwa na kila sababu ya kulimeza.

Kwa hiyo daktari alipotuma ujumbe kwamba anaomba kuja kumjulia hali, nilitaka kumjibu abaki huko huko. Mama akaninyang'anya simu. "Mwambie Jumapili," alisema. "Baada ya ibada."

Habari ikaenea. Jumapili ile baraza lilijaa wanakwaya na sare zao, na mama mdogo alikuwa ameleta kamba ya gome wanayofungia mizinga juu ya miti. Mpango wao ulikuwa wa kawaida kabisa: Mgogo akifika anakamatwa, anafungwa kwenye nguzo, hafunguliwi mpaka atoe fidia ya tumbo la Mnyamwezi. Wote walijua kilichotokea. Mimi niliona wamepotewa na akili, lakini wao waliona ndiyo njia pekee ya kumpokea mtu kama yule bila kumpiga. Na walitaka kumwona mama akicheka. Hilo siwezi kuwalaumu.

Daktari alishuka kwenye gari, akatembea uani. Vigelegele vikapigwa, mama mdogo akatoka na kamba, wanawake wawili wakamshika mikono. Naye akainyoosha mikono mwenyewe, ifungwe.

"Mwacheni," mama alisema. "Leo hatutanii."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ndiyo imeanza. Mama akarudia, bila kupaza sauti, na hapo wakamwachia. Daktari akaletewa kigoda. Akakaa, magoti yamekaribia kidevu, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akaanza kusema pole. Mama akamnyamazisha kwa mkono.

"Pole uliniambia Tabora, ukaniambia na Mwanza. Nina jambo moja. Unijibu kama ungemjibu mama yako." Alivuta pumzi, bado alikuwa anachoka haraka. "Watu wanasema nilikaa kimya. Homa iliniharibu kichwa, sijui tena lipi nilisema na lipi niliota. Siku ile nilipokupigia simu. Nilikwambia, au sikukwambia?"

Nilimwangalia yule mtu na nikaona jinsi njia ilivyokuwa pana mbele yake. Angesema, "Mama, ulinisalimu tu." Ndugu wangeitikia kwa kichwa. Mjomba angesema si niliwaambia. Mama angekubali, maana alishakuwa nusu ya njia kukubali, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kubisha.

Daktari aliitazama mikono yake.

"Uliniambia," alisema.

"Nilisema nini?"

"Ulisema mwili mzima umekuwa wa njano. Ulisema nimekupaka binzari, nataka kukupika." Akainua macho kumtazama. "Nami nikasema natafuta mchele. Ulisema kwa utani, lakini ulisema. Nilikusikia vizuri, mama. Nikacheka."

Mama mdogo akaiacha kamba ikaanguka chini. Mimi nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo mengi, yalinijaa mpaka kwenye meno, lakini mama alikuwa amefumba macho na mabega yake yalikuwa yanashuka polepole, nikanyamaza.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa nimeanza kudhani sikusema."